Posho za Wazee wa Tulizo

Gesi iliisha Jumanne, maharage yakiwa hayajaanza hata kulainika. Bi Husna, mpishi wa kituo, aliutikisa mtungi, akaulaza ubavu, akausimamisha tena. Jiko likatoa mwali mdogo wa buluu, likazima kabisa. Akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kusimama kwenye mlango wa ofisi.

"Imeisha?" Celina akamuuliza.

"Imeisha. Na maharage yangali mabichi, ukiyatupa yanadunda."

Kituo kiliitwa Tulizo. Kilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani, korido katikati na vyumba kila upande, moja ya nyumba chache zilizobaki Kariakoo baada ya maghorofa kumeza mtaa mzima. Majengo mawili ya maduka yalikuwa yameibana kushoto na kulia, hata jua likawa linafika uani saa sita tu na kuondoka mara moja. Wazee wa mitaa ya jirani walikuja hapo asubuhi. Walipimwa presha, wakacheza bao, wakabishana habari za magazetini, na saa saba wakala. Wengine walikuwa na watoto na wajukuu nyumbani, ila chakula cha mchana hakikuwepo. Wengine hawakuwa na mtu.

Celina ndiye aliyekiendesha. Alikuwa Mchaga wa Kibosho aliyeolewa Ilala, mama wa miaka hamsini kasoro, aliyekuwa mhasibu wa duka la jumla la vyombo kabla Mzee Zahoro, mwenyekiti wa kituo, hajaenda kumwomba aje awasaidie. "Tunataka mtu ambaye hela haipotei mkononi mwake," alimwambia siku ile. Celina akaja. Hela haikupotea. Tatizo lilikuwa kwamba hela yenyewe haikuwepo.

Au tuseme ilikuwepo, na hapo ndipo roho ilipomuuma. Siku hiyo hiyo gesi ilipoisha, simu yake ilikuwa na ujumbe wa benki: akaunti ya Tulizo ina shilingi milioni ishirini na sita. Angeweza kununua lori zima la mitungi. Lakini hakuruhusiwa kugusa hata senti, kwa kuwa hela ile ilikuwa ya semina.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi chakula cha Tulizo kililipwa na mama mmoja wa ng'ambo, aliyewahi kuishi Dar zamani. Mama yule akafariki, na watoto wake wakaandika kushukuru kwa ushirikiano, basi. Celina akaanza kubisha hodi huku na huku. Kila mfadhili aliyemwendea alimwambia chakula siku hizi hawatoi, wanatoa "uwezeshaji". Mwishowe likapatikana shirika moja lililotaka kufadhili mafunzo ya ujasiriamali kwa wazee. Celina akaandika maombi, akiwa na hesabu yake kichwani: tuwape wanachotaka, watufahamu, kisha tutawaomba tunachotaka sisi. Mzee Zahoro aliposoma alicheka mpaka akakohoa. "Bi Maimuna ana miaka themanini na kitu. Unataka afungue kampuni?" Lakini alitia sahihi.

Hela iliingia. Kulikuwa na fungu la mkufunzi, fungu la ukumbi, fungu la fulana na madaftari, fungu la posho za washiriki. Fungu la ugali halikuwepo.

Jumanne ile Celina alitoa pesa kwenye pochi yake, akamtuma Bi Husna akanunue mkaa. Wazee walikula saa kumi. Hakuna aliyelalamika, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangelalamika.

Asubuhi iliyofuata alipanda hadi ofisi za lile shirika, ghorofa ya saba, huko Posta. Afisa wa mradi alikuwa binti anayeitwa Brightness, mpole, mwenye kuchoka usoni kama mtu anayelala na kompyuta.

"Dada Celina, naelewa," Brightness alisema. "Kweli kabisa naelewa. Ila kifungu cha chakula hakipo."

"Chai ya semina ipo. Nimeiona kwenye bajeti, tena ya hotelini. Nipe ile ya chai niifanye wali. Semina niifanye pale pale uani kwetu, sihitaji ukumbi."

"Mkataba unasema ukumbi."

"Ukumbi wa siku moja unanilishia watu wiki mbili, mdogo wangu."

Brightness akashusha pumzi. "Nitaandika kwa wakubwa. Lakini siahidi kitu."

Aliandika kweli, maana Celina alitumiwa nakala. Kisha zikapita siku na siku. Wakubwa walikuwa safarini. Waliporudi, faili likapelekwa kwa wakubwa zaidi, nje ya nchi. Celina akawa anapiga simu kila asubuhi kabla hajavua hata mkoba begani, na kila asubuhi anaambiwa bado. Huku nyuma chakula kikashuka kutoka wali na maharage hadi ugali na mchicha, kutoka ugali hadi uji, na uji wenyewe ukawa mwepesi. Jibu lilipofika lilikuwa mistari miwili: fedha zitumike kama zilivyoombwa, na zisipotumika kabla ya mwisho wa mwezi zirejeshwe.

Mzee Zahoro alifika kituoni jioni hiyo, fimbo mkononi, kofia imekaa upande. Alikuwa karani wa bandari enzi zake, na hasira zake zilikuwa za taratibu, za mtu aliyezoea kugombana na manahodha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Nimefikiri. Ukitoka hapo nje, kulia kuna duka la karatasi, kushoto kuna mtu wa fulana. Hapa Kariakoo risiti utaandikiwa unavyotaka. Tunafanya semina ya siku moja tukiiandika siku tano. Zinazobaki tunanunua mchele. Sahihi ni mbili tu, yangu na yako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe!" Mzee Zahoro akaipiga fimbo chini. "Hujaiba. Hutakula wewe. Watakula wenye njaa waliotajwa kwenye maombi yako mwenyewe. Hivyo sahihi yako ina thamani kuliko matumbo ya watu?"

Celina alijua mzee anasema kweli, na alijua kwamba akitia sahihi ile, siku atakapokaguliwa hatafungwa Mzee Zahoro, atafungwa yeye, na kituo kitafungwa pamoja naye. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja lililomsaidia. Alisimama, akafunga dirisha, akasema, "Tutafanya semina, mzee. Siku tano."

Mzee Zahoro aliondoka bila kuaga.

Semina ikafanyika, kwenye ukumbi mmoja karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Mkataba ulitaka washiriki thelathini, na wazee wa Tulizo walikuwa hamsini. Hapo Celina alilazimika kuchagua. Waliobaki walimtazama wakati wenzao wanapakiwa kwenye basi dogo la Coaster wamevaa fulana za njano, na Mzee Athanas, aliyebeba magunia Kariakoo mpaka mgongo ukapinda, akauliza, "Sisi tumekosa nini?" Celina akamwambia hawajakosa kitu. Hata masikioni mwake maneno hayo yalikuwa mepesi.

Mkufunzi aliitwa Elimringi, kijana nadhifu, si mtu mbaya. Alizungumza polepole na kwa heshima, akawaeleza wazee mtaji ni nini, soko ni nini, mpango wa biashara unaandikwaje. Kiyoyozi kilikuwa kikali. Kufikia saa nne nusu ya ukumbi ilikuwa imelala, na Bi Nasma aliyekaa mbele alikuwa akikoroma bila wasiwasi. Elimringi alimtazama Celina kwa macho ya kuomba msaada. Celina akatazama pembeni. Yeye alikuwa anapiga hesabu: kile kiyoyozi, zile chupa za maji, yale maua ya plastiki mezani.

Ilipofika chai, zilikuja sambusa, keki na soseji, sahani baada ya sahani. Bi Maimuna alikula sambusa moja. Nyingine alizifunga kwenye ncha ya kanga, kisha akamgeukia jirani yake, "Hutaki hiyo? Ilete." Akazunguka meza zote hivyo hivyo, mwanamke mfupi mwenye macho makali, aliyeuza vitumbua miaka yote hiyo mpaka nusu ya Kariakoo ikawa inamwita mama. Jioni zile sambusa zilifika Tulizo kwa waliobaki. Siku ya pili wahudumu wa ukumbi walikataza kutoka na chakula, wakasema ni utaratibu. Celina alibishana nao hadi koo likakauka. Utaratibu haukubadilika, na keki zilizobaki zilizolewa mbele ya macho yake na kutiwa kwenye mfuko mweusi.

Siku ya mwisho wazee wakapanga mstari kupokea posho. Elfu ishirini kwa kila siku, jumla laki moja kwa kila mtu, noti mpya kabisa kwenye bahasha. Wengine walikuwa hawajashika laki kwa miezi. Mzee Zahoro alimsogelea Celina, akamnong'oneza, "Simama mlangoni. Kila mtu akitoka aache nusu. Hizo si za mfadhili tena."

"Hapana, mzee. Hiyo itaitwa kuwakata posho. Hela ni yao, wakitaka wakanunue peremende."

"Kila kitu wewe ni hapana," mzee akasema, akaenda kukaa peke yake kwenye Coaster.

Jumatatu Celina alifika kituoni akiwa ameshaamua kutangaza kwamba chakula kimesimama. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alimkuta Bi Maimuna amekalia kiti cha ofisi, bahasha mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chukua." Akaiweka bahasha mezani. "Nimetoa elfu kumi ya dawa za miguu. Zingine nenda kanunue mchele, na gesi. Uji wenu ule umeanza kunipa ndoto mbaya."

"Bibi, siwezi kupokea. Wataniambia nimewakata."

"Nani atakwambia? Mimi nimekatwa?" Bi Maimuna alisimama. "Nyie wasomi mnaogopa karatasi kama sisi tulivyokuwa tunaogopa askari wa jiji. Hela yangu nanunulia chakula changu. Usipopokea nampa Husna."

Akampa Husna. Habari zikaenea uani, na kabla ya saa nne walikuwa wamefika wengine saba, kisha wengine. Jikoni kukawaka. Siku hiyo walikula pilau, na Mzee Athanas alilamba vidole mpaka watu wakacheka. Celina alikula amesimama, akamaliza sahani.

Furaha ile haikufika Ijumaa. Si wote waliotoa. Kuna ambao wajukuu waliwapokea bahasha mlangoni. Bi Nasma alinunua kitenge, na alikuwa na haki. Mzee Kasmir, fundi viatu mstaafu, mtu wa kimya, hakutoa hata shilingi, na aliendelea kuja kula. Wazee wakaanza kuhesabiana matonge. "Wengine wanakula jasho la wenzao," mtu alisema kwa sauti siku moja, Kasmir akiwa na sahani mkononi. Kasmir aliiweka sahani chini na kuondoka, chakula hakijaguswa. Celina aliwagombeza wote, akawaambia wanamtia aibu. Walinyamaza kama watoto, wakaendelea alipogeuka.

Zile fulana za njano zilikuwa na namba ya simu mgongoni, ya kupiga bure, kwa mwenye malalamiko. Kasmir aliipiga.

Brightness alikuja wiki iliyofuata, safari hii na barua. Kulikuwa na taarifa, alisema, kwamba wazee wa Tulizo walilazimishwa kurudisha posho. Celina alimsikiliza mpaka mwisho. Walikuwa wamesimama uani, wazee wamekaa kuzunguka na sahani zao.

"Nilikuomba ruhusa ya kununua mchele, ukaninyima," alisema. "Mwenyekiti wangu akataka tughushi, nikakataa, leo hii hanisemeshi. Akataka tuwakate mlangoni, nikakataa. Nimelipa watu kulala kwenye kiyoyozi huku chakula kinamwagwa, kwa sababu mkataba umesema. Kila kitu mlichotaka nimefanya! Leo unaniambia nimekula hela za wazee? Mimi?" Sauti ilikuwa imepanda hadi wapita njia wakachungulia mlangoni. "Haya, nenda ukahesabu punje. Zipo humo sahanini!"

Brightness alikuwa na machozi, jambo lililomkera Celina zaidi.

"Binti," Bi Maimuna akaita kutoka alipokaa, "mimi nilitoa elfu tisini. Hela yangu, mchele wangu. Kosa langu nini? Niandike, jina langu unalijua."

Na hapo Mzee Kasmir, aliyekuwa amesimama kwenye korido tangu mwanzo bila kuonekana, akasema, "Sikusema wamelazimisha. Nilisema wananisimanga." Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili. "Nadaiwa kodi ya chumba, miezi minne. Ile laki nililipa kodi. Nilimpigia yule mtu wa simu nikamuuliza, je, sheria inataka nitoe ndipo nile? Yeye ndiye aliyeandika alivyoandika."

Celina alikuwa amejiandaa kumchukia Kasmir, na sasa hata hilo akanyimwa. Alimtazama yule mzee, kola ya shati imegeuzwa na kushonwa upya, akaona kwamba katika miezi yote aliyokimbizana na mafungu ya bajeti hakuwahi hata mara moja kumuuliza Kasmir analala wapi. Bi Husna akapakua sahani, akampelekea. Bi Maimuna akasogea kwenye mkeka, akapapasa pale alipompisha. "Njoo ukae, baba. Hukusema kitu, sisi tutajuaje?"

Brightness naye alipewa sahani. Alikula yote. Wakati wa kuondoka alimshika Celina mkono. "Nitaandika ukweli, dada. Wizi haupo, nitasema hivyo. Lakini awamu ya pili ya fedha wataisimamisha mpaka uchunguzi uishe. Na ikishasimama…"

"Huwa hairudi," Celina akasema.

"Huwa hairudi."

Mzee Zahoro alisikia yote kabla ya magharibi. Alikuja, akakaa mbele ya meza ya Celina akikisugua kichwa cha fimbo.

"Ungenisikiliza, tungekuwa na mchele wa mwaka."

"Au tungekuwa jela Segerea, mzee."

"Labda." Akatazama dirishani, kwenye ukuta wa ghorofa la jirani. "Mimi nina hasira, mwanangu. Si na wewe. Nimefanya kazi miaka arobaini, sikudhani uzeeni nitakuwa naombewa uji kwa maandishi." Alipoinuka alimwomba radhi, kwa kifupi, kama mtu anayelipa nauli. Celina aliikubali. Hasira yake mwenyewe haikuondoka, maana haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Michango ya wazee ilikwisha mwisho wa mwezi. Wakakubaliana kituo kipike siku tatu kwa wiki, na hakuna kumuuliza mtu ametoa nini. Kwa hizo siku tatu pia mchele haukuwepo.

Ndipo Bi Maimuna alipokuja na viatu vya raba miguuni, vya mjukuu wake. "Twende madukani," akasema. "Nusu ya hawa wenye maghorofa walikula vitumbua vyangu kwa mkopo."

Celina hakutaka. Kuandika maombi ni jambo moja; kusimama kwenye kaunta ya mtu mwenye foleni ya wateja, mikono mitupu, ni jambo jingine. Akaenda. Wakapita katikati ya mikokoteni na marobota, Bi Maimuna akimshika kiwiko. Duka la kwanza tajiri hakuwepo. La pili, kijana wa kaunta aliwaambia misaada hutolewa Ramadhani. La tatu, mwenye duka aliinuka kwenye kiti, akamwamkia Bi Maimuna kwa heshima, akawapa soda na kuwaambia waandike barua.

"Barua!" Celina akasema walipotoka nje. Alicheka, kicheko kibaya, akajifuta macho kwa kiganja. "Barua, bibi!"

"Usilie sokoni, utaibiwa mkoba," Bi Maimuna akamwambia.

Duka la sita, muuza nafaka aitwaye Twaha, mtu mnene mwenye tasbihi mkononi, alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuhesabu noti za mteja. Kisha akauliza, "Kilo ngapi kwa wiki?" Celina akamtajia. Twaha akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi. Nusu yake naweza. Kila Jumamosi, mje na gunia lenu. Na msinipige picha."

Nusu ya mchele wa siku tatu. Celina alipiga hesabu pale pale, na ilimpa jibu alilolijua: siku moja na nusu. Alitaka kumshukuru Twaha na alitaka kupiga kelele, vyote kwa pamoja. Akamshukuru.

Nje jua lilikuwa limewaka sawasawa na miguu yake ilikuwa inawaka moto. Bi Maimuna alikuwa ameshavuka barabara, amesimama kwenye kivuli cha duka la maharage, anamwita kwa mkono.